Bana Ikijifunga na Taa Nyekundu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Kontroo

Simu ninazopigiwa huanza karibu kwa maneno yaleyale: "Fundi, kontroo ya bana imekufa, njoo na nyingine." Iwe bekari ya Chang'ombe hapa Dodoma, iwe kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta ya alizeti Kibaigwa au Singida, neno ni hilo. Nafika, nafungua bakuli la chujio la dizeli, yanatoka maji na tope. Kontroo ni nzima. Imefanya kazi yake: imeona moto haujawaka, ikakata dizeli, ikawasha taa nyekundu; huko ndiko kujifunga.

Bana ni kifaa kinachopuliza mafuta na hewa na kuviwasha ndani ya oveni au boila, na kontroo ni kile kiboksi kilichokaa juu yake, chenye kitufe kinachowaka taa. Ndicho kinachoamuru feni, cheche na vali ya mafuta, kisha kinautazama moto kwa jicho lake: fotoseli kwenye bana za dizeli, au fimbo ya kuhisi moto kwenye nyingi za gesi. Taa nyekundu maana yake kuna kitu hakikwenda sawa mbele yake, naye ameshuhudia. Kazi yetu ni kumsikiliza shahidi huyu, na anachosema zaidi ni wakati: alijifunga sekunde ya ngapi?

Kwanza, kitufe cha reseti

Bonyeza mara moja, ukiwa umesimama pembeni ya mlango wa oveni au boila, huku unatazama na kusikiliza. Ikijifunga tena, unaweza kurudia mara ya pili baada ya kukagua mambo mepesi. Mara ya tatu hakuna.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuitwa kwenye bekari moja alfajiri. Kijana wa zamu alikuwa na unga umeshaumuka, mkate unasubiriwa, akabonyeza reseti mara 6. Fanya hesabu hii. Nozo, yaani kile kipua kinachonyunyiza dizeli, iliyoandikwa galoni 2.50 kwa saa imepimwa kwa presha ya bar 7. Ukiipa bar 12, kama bana nyingi zinavyofanya kazi, inatoa kama lita 12.4 kwa saa. Kontroo yenye muda wa usalama (muda wa kusubiri moto uonekane baada ya vali kufunguka) wa sekunde 10 inaruhusu kwa jaribio moja kama mililita 34 za dizeli kumwagika ndani bila moto. Mara 6 ni zaidi ya mililita 200, glasi nzima, na chumba kilikuwa bado na joto la jana, kwa hiyo dizeli ile ikageuka mvuke. Jaribio la 7 cheche ilipatikana. Mlango ulifunguka kwa kishindo na kijana akaungua mkono na uso. Alipona, lakini nami tangu siku hiyo huwa naandika juu ya kila bana kwa kalamu ya rangi: RESETI MARA 2 TU.

Kama tayari imebonyezwa mara nyingi kabla hujafika, zima swichi kuu, funga koki ya dizeli, fungua mlango na uache hewa ipite. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona dizeli imetuama chini, inyonywe kwa matambara na chumba kikauke kabla mtu hajawaza kuwasha.

Hesabu sekunde, soma rangi

Bana ya dizeli ya kawaida huenda hivi. Thamostati ikiomba joto, feni inaanza. Kwa sekunde kama 15 feni inapuliza hewa kusafisha chumba, na kwenye aina nyingi utasikia cheche zikitatarika wakati huohuo. Kisha vali ya mafuta inafunguka kwa mlio wa "tak", na moto unatakiwa uonekane ndani ya sekunde 5 au 10, kulingana na kontroo. Ukionekana, kazi inaendelea. Usipoonekana, inajifunga. Saa ya simu yako inatosha kupima haya yote.

Kontroo za Siemens za jamii ya LMO, ambazo nakutana nazo mara kwa mara, zinaongea kwa rangi. Njano iliyotulia ni kusubiri, njano inayomweka ni hatua ya kuwasha, kijani ni kazi, na kijani inayomweka ni moto unaoonekana kwa udhaifu. Hii ya mwisho watu huipuuza, nayo ndiyo onyo la mapema kuliko yote. Nyekundu na njano zikipokezana, umeme umeshuka. Nyekundu iliyotulia, imejifunga.

Ikiwa imejifunga, shikilia kitufe zaidi ya sekunde 3, itaanza kumweka nyekundu kwa hesabu. Mara 2: moto haukuonekana ndani ya muda wa usalama. Mara 4: imeona mwanga kabla moto haujawashwa. Mara 7: moto umepotea mara nyingi wakati wa kazi. Mara 8: kipasha joto cha dizeli kimechelewa. Mara 10: kosa la nyaya au la ndani ya kontroo. Andika namba hiyo kabla ya kufanya lingine lolote. Kontroo za zamani kama LOA24 hazina lugha hii; hapo utategemea saa na masikio. Na kama kontroo yako ni ya kampuni nyingine, usitumie namba hizi, fuata kijitabu chake.

Haianzi kabisa, na hakuna taa nyekundu

Hapa kontroo hata haijaamrishwa kufanya kazi. Mara nyingi ni thamostati au swichi ya presha imeachwa chini, au ile swichi ya kikomo cha juu cha joto au presha imekata na inasubiri kubonyezwa kwa mkono. Kwenye boila angalia kioo cha maji kabla ya yote. Swichi ya maji kidogo ikikata, imekuokoa.

Nitakaa kidogo hapa. Nimekuta swichi ya maji imeunganishwa waya wa kuiruka ili kazi iendelee. Boila inayochomwa bila maji huharibika bomba zake, na maji ya baridi yakiingia kwenye chuma kilichowaka inaweza kupasuka na kuua. Ukikuta waya wa namna hiyo, zima na umwambie mwenye kiwanda wazi. Usiwashe mpaka urekebishwe, hata kama wenyewe wanakubembeleza.

Baada ya hayo ndipo uangalie fyuzi, swichi ya saa, na volti zinazofika kwenye kontroo. Ukipata chini ya volti 170 hivi kwenye kifaa cha volti 230, nyingi hukataa kuanza kwa makusudi.

Feni haizunguki, au inanguruma tu

Feni za feizi moja huwa na kapasita, na ikichoka mota hunguruma bila kuzunguka. Zima umeme, jaribu kuzungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi, shuku kapasita. Ikigoma, huenda pampu ya dizeli imeshika, kwa sababu kwenye bana nyingi mota hiyohiyo inaendesha pampu. Kwenye feizi tatu angalia kama ova-lodi (swichi inayokata mota ikizidiwa) imeruka na kama feizi zote tatu zipo.

Feni inazunguka, muda unafika, moto hakuna (mara 2)

Huu ndio ugonjwa unaoongoza. Jiulize swali moja: kinachokosekana ni mafuta au ni cheche? Bomba la moshi litakujibu. Ukungu mweupe wenye harufu kali ya dizeli bichi maana yake mafuta yanafika, cheche hakuna. Usipoona wala kunusa kitu, mafuta hayafiki.

Mafuta yasipofika, nenda kutoka tangini kuelekea nozo, usianzie katikati. Tangi lina dizeli? Usiamini kioo cha pembeni kilichochafuka, chovya kijiti. Koki iko wazi? Kisha chujio. Huku kwetu, Juni mpaka Agosti, usiku ni baridi na mchana jua kali, na tangi lililojaa nusu linatokwa jasho kwa ndani. Maji hayo hukaa chini, na bomba la kufyonza nalo liko chini. Kwa wanaonunua dizeli kwa mapipa na kuyaacha nje, maji ya mvua huingia kupitia vifuniko. Toa maji chini ya tangi kila wiki, na bomba la kufyonza lisiguse sakafu ya tangi.

Chujio likiwa safi, angalia hewa. Pampu ikifyonza hewa mahali palipolegea, presha hucheza na moto hauwaki. Unga bomba jembamba la plastiki angavu kwenye tundu la kutolea hewa la pampu, chini yake weka chupa, na uone kama mapovu hayaishi. Yakiendelea, kaza viungo vyote upande wa kufyonza na ubadilishe pete za kuzibia. Ukiwa na geji, mvuto wa kufyonza usizidi bar 0.4 hivi; ukizidi hapo dizeli yenyewe huanza kutoa mapovu, na hiyo ni dalili ya chujio lililoziba, bomba jembamba mno au tangi lililo chini sana.

Halafu presha ya pampu. Nyingi hupangwa kati ya bar 10 na 14. Isipopanda kabisa huku mota inazunguka, fungua uone kapilingi ya plastiki kati ya mota na pampu. Ni kitu cha bei ndogo sana na imewahi kunigharimu siku nzima, kwa sababu ilikuwa imekatika ndani na kwa nje kila kitu kilionekana kinazunguka. Presha ikiwepo lakini hakuna "tak", pima koili ya solenoidi inayofungua vali. Nozo nimeiweka mwisho kwa makusudi. Usiichokonoe kwa sindano, tundu lake likikwaruzwa kidogo tu mnyunyizo unaharibika. Badilisha kwa ileile: galoni zilezile, nyuzi zilezile za pembe, mnyunyizo wa aina ileile.

Cheche isipokuwepo, zima umeme, vuta kichwa cha nozo nje. Elektrodi, vile vijiti vinavyotoa cheche, zina masizi? Futa kwa kitambaa kikavu. Nafasi kati ya ncha zake ni milimita 3 hadi 4 kwa bana nyingi, na umbali kutoka kwenye nozo usome kwenye kijitabu, usikadirie. Kisha tazama kwa makini kauri inayozishika. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kupeleka umeme kwenye mwili wa bana badala ya ncha. Baada ya hapo nyaya, na mwisho transfoma. Transfoma hii inatoa zaidi ya volti 10,000. Ile desturi ya kuijaribu kwa bisibisi ili kuona cheche iachwe, imewapiga mafundi wazuri.

Moto unawaka vizuri kwa macho yako, kisha inajifunga

Wewe unauona moto, kontroo haiuoni. Chomoa fotoseli uifute. Kipindi cha kiangazi, upepo wa Dodoma unapobeba vumbi jekundu, na kwenye bekari ambako kuna unga hewani, feni inafyonza vyote hivyo na jicho hupata pazia ndani ya wiki chache. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Ikiwa safi na bado, ipime kwa mita. Fotoseli ya kawaida ya moto wa njano, ukiifunika kiganjani ukinzani wake hupanda sana, mamia ya kilo-omu au zaidi, na ukiimulika tochi hushuka hadi kilo-omu chache au chini yake. Isipobadilika, imekufa. Hakikisha pia imerudi kwenye tundu lake ikitazama moto; nimekuta imegeuka imetazama ukuta. Kwenye baadhi ya bana moto ni wa bluu, na hizo zina jicho lake maalumu. Usiweke la kawaida.

Bana za gesi zinazotumia fimbo zina ugonjwa wao. Fimbo inapitisha mkondo mdogo sana, wa mikroampea, kupitia moto hadi kwenye mwili wa bana na ardhi. Kwa hiyo anza na waya wa ardhi, kisha hakikisha laivu na nyutro hazijapishana. Mara kadhaa hitilafu imeanza siku ileile fundi umeme alipobadilisha plagi au jenereta mpya ilipofungwa. Baada ya hapo ndipo usafishe fimbo na uangalie kauri yake.

Inakataa mwanzoni kabisa, kabla ya vali (mara 4)

Imeona mwanga mahali pasipotakiwa kuwa na mwanga. Jua linapenya kupitia dirisha la kuchungulia au kifuniko cha bana hakikurudishwa. Ukuta wa ndani ya oveni bado umewaka nyekundu. Fotoseli imeungana ndani kwa ndani. Ila sababu moja niitaje peke yake: vali ya mafuta haifungi sawasawa, nozo inadondosha, na moto mdogo unaendelea kuwaka baada ya bana kuzimwa. Chungulia dakika moja baada ya kuzima. Ukiona mwali, funga koki ya mkono, na hapo si kazi ya kujaribujaribu tena, vali inabadilishwa.

Inafanya kazi, kisha inazima ovyo (mara 7, au bila namba)

Uliza inazima saa ngapi. Ikiwa ni jioni, watu wanapowasha majiko na taa, shuku volti. Acha mita imeunganishwa mpaka muda huo ufike na usome mwenyewe. Ikiwa ni mchana baada ya saa kadhaa, pima joto pale kontroo ilipokaa. Nyingi zimeruhusiwa hadi nyuzi 60 za sentigredi, na chumba cha boila chenye bati bila madirisha mwezi Novemba kinakaribia huko kwa urahisi, hasa mlango wa boila ukivuja joto. Ikiwa haina saa maalumu, rudi kwenye maji na hewa ndani ya dizeli.

Kuna jambo lingine viwanda vya alizeti wasilolijua. Msimu wa mavuno mashine zinakwenda usiku na mchana, na bana inachoma siku 3 bila kupumzika. Kontroo za jamii ya LMO na nyingi zinazofanana nazo zimetengenezwa kwa kazi ya kukatika: lazima zizimwe na kuanza upya angalau mara moja kila saa 24, kwa sababu ni wakati wa kuanza ndipo zinapojikagua na kulikagua jicho. Ukiinyima nafasi hiyo, jicho linaweza kuharibika bila mtu kujua. Weka zamu ya kuizima kila siku, au nunua kontroo ya kazi ya mfululizo.

Moshi mweusi, kuwaka kwa kishindo, moto unaoyumba

Hapa nina la kuwaambia mafundi wenzangu wanaopandisha bana kutoka Dar es Salaam. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 12. Singida iko juu zaidi. Feni inavuta ujazo uleule, lakini oksijeni iliyomo ni pungufu, wakati pampu inatoa dizeli ileile. Bana iliyopangwa vizuri Dar es Salaam ikifika Kizota, hapa Dodoma, inatoa moshi, masizi yanapaka jicho, taa inaanza kumweka kijani, na wiki ya tatu inajifunga. Kisha kontroo inalaumiwa.

Angalia kwanza kama mapanga ya feni yamejaa vumbi na kama njia ya hewa ya chumba haijazibwa. Baada ya hapo damper (kilango cha kupunguza na kuongeza hewa) ifunguliwe, na kama imeshafika mwisho, nozo ishushwe saizi moja. Haya yafanywe na mtu mwenye kifaa cha kupimia gesi za moshi. Rangi ya moto peke yake inadanganya, na hewa chache maana yake ni monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu ambayo haina harufu.

Mahali pa kuweka bisibisi chini

Acha mara moja na uite fundi aliyeidhinishwa: ukisikia harufu ya gesi (gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hukaa kwenye mashimo na mifereji ya sakafu, kwa hiyo usiguse hata swichi ya taa), ukikuta kifaa cha usalama kimerukwa kwa waya, vali ikivuja, bana ikiwaka kwa kishindo, boila ikiwa imekosa maji. Boila na vyombo vya presha vinakaguliwa na OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), na hitilafu ya vali ya usalama au swichi ya maji haimalizwi kimyakimya. Moto ukitoka nje ya chumba chake, ondoa watu na piga 114, Zimamoto.

Na kama kweli ni kontroo

Inatokea. Umeme unafika, swichi zote za usalama zinapitisha umeme, jicho ni zima, na bado hakuna amri inayotoka kwenye terminali ya feni au ya vali. Au namba 10 inarudi baada ya nyaya zote kukaguliwa. Kwanza ichomoe kwenye kitako chake uangalie meno na skrubu. Kutu na skrubu iliyolegea hufanana kabisa na kontroo iliyokufa. Usiifungue kuchomelea ndani. Kifaa cha usalama kilichofunguliwa hakirudishwi kazini.

Ukinunua, namba nzima ifanane, pamoja na tarakimu za baada ya nukta, kwa sababu huko ndiko muda wa kusafisha na muda wa usalama ulikofichwa. Mbili zinaweza kukaa kwenye kitako kimoja, moja ikaruhusu sekunde 5 na nyingine 10. Kwenye bana kubwa sekunde hizo 5 za ziada ni dizeli nyingi.

Ukishaiweka mpya, usiondoke kwa kuona taa ya kijani tu. Bana ikiwa inachoma, chomoa fotoseli ukiifunika kwa kiganja ili iwe gizani. Dizeli lazima ikatwe papo hapo. Kontroo nyingine zitajaribu kuwasha upya kwanza, lakini kwa kuwa haioni kitu lazima mwisho ijifunge kwa nyekundu. Ikiendelea kuchoma huku jicho limefunikwa, zima swichi kuu, funga koki, na bana hiyo isiwashwe na mtu yeyote mpaka ipatikane sababu.